Kulandi Canada kwa Barabara: Jipange Kabla ya Kufika Mpakani

Umepata COPR. Hongera sana. Hiyo ndiyo hati inayothibitisha kwamba Canada imekubali uwe mkaazi wa kudumu. Lakini bado hujawa. Unakuwa mkaazi siku unaposimama mbele ya afisa wa Canada, ukajibu maswali yake, ukatia saini, naye akaandika tarehe. Siku hiyo ndiyo watu huita kulandi.

Wengi hulandi uwanja wa ndege. Ila kama unaishi Buffalo, Detroit, Seattle au Portland ya Maine, mpaka wa nchi kavu uko karibu. Gharama kubwa ni mafuta, na unaweza kubeba mizigo ambayo ndege ingekutoza pesa nyingi. Maelezo haya ni yako.

Kama bado uko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, achana na barabara. Kupitia Marekani kunadai viza ya Marekani hata ukiwa mpita njia. Tafuta ndege isiyotua Marekani, ulandi Toronto au Montréal, yaishe.

Na kama tayari unaishi Canada kwa kibali cha kazi au cha masomo, usiende mpakani. IRCC, idara ya uhamiaji ya Canada, itakuandikia barua pepe na utamalizia kila kitu mtandaoni. Zamani watu walikuwa wakitoka kwenda upande wa Marekani, wanageuza gari, wanarudi kuhudumiwa. Desemba 2024 Canada ilifunga njia hiyo kwa wengi wanaotafuta vibali vya kazi na masomo. Kwa ukaazi, subiri barua pepe yako nyumbani.

Anza na tarehe

Chukua COPR uitazame sasa hivi. Ina tarehe ya mwisho. Mara nyingi hiyo tarehe inafuata vipimo vyako vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, au inafuata pasipoti kama pasipoti inaisha mapema zaidi. Kwa kawaida haiongezwi. Ikipita, unaweza kujikuta unaanza maombi upya. Panga safari wiki kadhaa kabla, si siku mbili kabla.

Fungua na pasipoti. Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, lazima iwe imebandikwa viza ya Canada ya kuingilia kama mkaazi. COPR peke yake haitoshi. Kama umebadilisha pasipoti baada ya kubandikiwa, wasiliana na IRCC kabla ya safari, na siku ya kuvuka beba zote mbili.

Sasa soma COPR neno kwa neno. Jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa. Majina yetu yana tabia ya kuchanganywa: jina la babu linawekwa kuwa la ukoo, jina la katikati linapotea, Said anakuwa Saidi. Kosa ukiliona leo, waandikie IRCC leo. Ukilikuta kaunta, mwonyeshe afisa kabla hujatia saini. Ukisha kutia saini, marekebisho yanaombwa kwa fomu maalumu, na utasubiri.

Kama COPR ilikuja kwa barua pepe, chapisha kurasa zote, wino uonekane vizuri. Usitie saini nyumbani. Saini inatiwa mbele ya afisa.

Familia: hapa usicheze

Hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote, kwa sababu madhara yake yanafuata watoto.

Afisa atakuuliza kama kuna mabadiliko yoyote katika familia yako tangu uombe. Umeoa? Umeolewa? Umeachana? Umepata mtoto? Kama jibu ni ndiyo na IRCC hawajui, usiende mpakani kwanza. Waandikie, uwaeleze, usubiri wakupe maelekezo. Mtoto aliyezaliwa baada ya kuomba lazima aingizwe kwenye faili kabla hujalandi, hata kama anabaki na bibi yake Morogoro.

Sababu ni kanuni moja, 117(9)(d), kwenye kanuni za uhamiaji za Canada. Inasema, kwa ufupi, kwamba mwanafamilia ambaye hukumtaja na hakuchunguzwa ulipokuwa ukiomba ukaazi, huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Mtu analandi, anapata kazi, anapanga nyumba, kisha anataka kumleta mwanawe, anaambiwa hayumo kwenye kundi la familia. Zipo njia za kuomba huruma, lakini ni ndefu na hazina uhakika. Kinga yake ni sentensi moja ya ukweli kabla ya kulandi.

Na ukweli huo ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Ndoa ya msikitini au ya kimila isiyo na cheti cha serikali, itaje. Mwenzi uliyeishi naye kama mke na mume kwa mwaka mmoja, Canada inamhesabu kuwa mwanafamilia, mtaje. Mtoto uliyezaa nje ya ndoa, anayelelewa na mama yake na wala huna mpango wa kumleta, mtaje pia. Nakuomba usione haya. Afisa hakuulizi ili akuhukumu.

Kama wewe ndiye mwombaji mkuu, wewe ndiye wa kulandi kwanza. Mke, mume au watoto walioombewa pamoja nawe wanalandi nawe au baada yako. Hawawezi kukutangulia. Na wao nao wana COPR zao zenye tarehe zao, kwa hiyo msipishane sana.

Ukivuka na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa yake yenye saini na namba ya simu, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama mzazi mwenzako amefariki au mahakama ilikupa ulezi, beba hati inayosema hivyo.

Orodha ya mali

Hii ndiyo kazi ambayo watu huiacha hadi usiku wa kuamkia safari, kisha wanaijutia miaka miwili baadaye kontena likifika.

Canada inamruhusu mkaazi mpya kuingiza mali yake bila ushuru, kwa masharti. Uwe ulikuwa unaimiliki, uwe nayo mkononi, na uwe umeitumia kabla ya kufika. Televisheni iliyo kwenye boksi na risiti ya jana haimo. Kiti ulichokalia mwaka mzima kimo.

Andika orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu unavyovuka navyo siku hiyo. Ya pili ni ya vitu vitakavyofuata baadaye. Kila kitu kiwe na maelezo yake, namba ya kiwandani kama kinayo, na thamani yake kwa dola za Canada. Thamani ni ya kitu kilivyo leo, si bei uliyonunulia. Chapisha nakala mbili za kila orodha.

Orodha ya pili ndiyo yenye utamu. Haijalishi kama vitu viko Ohio kwa rafiki au Mombasa nyumbani kwa mama. Cherehani, vitabu, mazulia, kabati la Lamu, vyombo vya harusi: kama unadhani siku moja utavileta, viandike sasa. Kitu ambacho hakikuandikwa siku ya kulandi kinaweza kutozwa ushuru na kodi kikija. Hata kama leo unavuka na begi moja tu, wasilisha orodha ya pili. Forodha wataigonga muhuri kwenye fomu yao, BSF186, na kukupa nakala. Itunze kama hati ya nyumba, kwa sababu mzigo ukifika utaulizwa hiyo.

Dhahabu inahitaji uangalifu wake. Bangili, mikufu na seti za harusi zipige picha, na kama unaweza, pata karatasi ya sonara yenye maelezo na thamani. Vaa ukitaka, ila viwe kwenye orodha. Bila hivyo, ukitoka Canada na kurudi navyo, itakuwa vigumu kueleza kwamba hukuvinunua safarini.

Maharusi wana nafuu. Kama mmefunga ndoa ndani ya miezi mitatu kabla ya kufika, au mtaifunga ndani ya miezi mitatu baada ya kufika, zawadi za harusi zinaingia bila ushuru hata kama hazijatumika, mradi zilikuwa zenu na mikononi mwenu kabla ya kufika.

Kikwazo kiko kwenye vitu vya bei kubwa. Kitu kimoja chenye thamani ya zaidi ya dola 10,000 za Canada, pamoja na gari, hulipiwa ushuru na kodi kwa kiasi kilichozidi. Na ukiuza au kugawa ulichoingiza bila ushuru kabla ya miezi 12 kupita, utadaiwa.

Gari lenye namba za Marekani

Kulileta gari moja kwa moja ni shughuli tofauti. Kwanza Marekani wanataka kuliona likitoka: hati za umiliki lazima ziwafikie forodha wao wa kituo utakachotokea angalau saa 72 kabla ya kuvuka. Kisha upande wa Canada gari lazima likubalike na Transport Canada na kuandikishwa kwenye mpango unaoitwa RIV, ukaguzi ukiwemo. Kama gari bado lina mkopo, zungumza na benki yako mapema. Ushauri wangu: kama ni kuukuu, liuze Marekani.

Kama unakuja kulandi na kurudi, rahisi ni kuletwa na mtu mwenye gari la Canada, au kushushwa na rafiki. Gari la kukodi la Marekani mikononi mwa mkaazi wa Canada huleta maswali ya forodha. Basi linawezekana, lakini dereva ana ratiba, na shughuli yako kaunta inaweza kuchukua saa kadhaa. Uliza kampuni kabla ya kukata tiketi.

Chagua kituo na siku

Nenda kituo kikubwa. Kutoka Buffalo kuna Peace Bridge, inayoingia Fort Erie. Detroit kuna Ambassador Bridge na handaki la kwenda Windsor. Port Huron kuna Blue Water Bridge ya kwenda Sarnia. Kutoka kaskazini mwa New York kuelekea Montréal ni Saint-Bernard-de-Lacolle. Seattle kuna Peace Arch na Pacific Highway. Vituo hivi vimezoea wakaazi wapya. Kile kidogo cha kijijini kinaweza kufungwa jioni.

Mimi ningechagua Jumanne au Jumatano, asubuhi. Epuka Ijumaa jioni, Jumapili na sikukuu za nchi zote mbili. CBSA, walinzi wa mpaka wa Canada, huonyesha kwenye tovuti yao muda wa kusubiri kila kituo. Itazame kabla ya kuwasha gari.

Usiingie kwenye njia ya NEXUS. Ile ni ya wanachama tu, na kila mtu ndani ya gari lazima awe mwanachama.

Pesa, chakula na dawa

Kama ulipita mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi wa shirikisho, afisa anaweza kutaka kuona kwamba pesa za kuanzia maisha bado unazo. Beba barua ya benki ya karibuni yenye jina lako, namba ya akaunti na salio. Picha ya skrini ya simu haina uzito.

Ukibeba taslimu, hundi au hati za fedha za dola 10,000 za Canada au zaidi, zitaje. Hutozwi kodi kwa kuzitaja. Ukizificha, zinaweza kukamatwa. Marekani nayo inataka taarifa ukitoka na zaidi ya dola 10,000 zao, na mkisafiri kama familia msidhani kuzigawanya mifukoni kunawaondolea wajibu.

Chakula chote kitaje. Nyama, mbegu, matunda na mimea ndivyo huzua mambo. Afisa akikunyang'anya ndizi uliyoitaja, umepoteza ndizi tu. Dawa zibaki kwenye vifungashio vyake, pamoja na karatasi ya daktari. Na bangi usivuke nayo hata kidogo. Ni halali ndani ya Canada tangu 2018, lakini kuvuka nayo mpaka ni kosa la jinai.

Siku yenyewe

Weka hati zote kwenye faili moja, kiti cha mbele: pasipoti, COPR, vyeti vya ndoa na kuzaliwa, barua ya benki, orodha za mali, anwani ya Canada. Usiweke kwenye buti.

Kwenye kibanda cha kwanza zima redio, vua miwani ya jua, shusha vioo vyote. Mpe afisa pasipoti na COPR, useme moja kwa moja: nimekuja kulandi kama mkaazi wa kudumu. Usianze na kusema unatembelea shangazi. Atakupa karatasi na kukuelekeza pa kuegesha.

Ndani utakutana na afisa wa uhamiaji. Simu weka mfukoni, maana kupiga picha humo hakuruhusiwi. Maswali ni mafupi. Umewahi kupatikana na hatia ya jinai? Umewahi kufukuzwa nchi? Kuna mwanafamilia ambaye hukumtaja? Utaishi wapi? Jibu ulichoulizwa, kwa ukweli, kisha nyamaza. Kama ulichaguliwa na jimbo fulani, jiandae kueleza mpango wako wa kuishi huko.

Akiridhika atakupa utie saini, ataandika tarehe na kukurudishia nakala yako. Kabla hujaondoka kaunta, isome tena. Jina, tarehe, yote.

Kisha nenda forodha na orodha zako. Watu wengi, kwa furaha, huruka hatua hii wakaondoka na gari. Usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri.

Kama kwenye karatasi zako kuna agizo la kufuatiliwa kiafya, mara nyingi kwa sababu ya kovu la kifua kikuu cha zamani, lifanyie kazi haraka: wasiliana na idara ya afya ya umma ya jimbo lako ndani ya siku 30. Si adhabu, na haifuti ukaazi uliopewa.

Wiki ya kwanza

Kabla ya jambo jingine lolote, piga COPR picha safi na uitunze sehemu mbili. Utaitumia kwa miaka.

Namba ya SIN, yaani namba ya bima ya jamii, inatolewa bure katika ofisi za Service Canada, ukiwa na pasipoti na COPR. Asikudai mtu pesa. Bila SIN mwajiri hawezi kukulipa ipasavyo.

Bima ya afya inategemea jimbo. Ontario imeondoa muda wa kusubiri tangu 2020, kwa hiyo omba bima yake, OHIP, mara moja. British Columbia unasubiri mwezi uliobaki na mingine miwili. Québec inaweza kufika miezi mitatu. Ukiwa na watoto, nunua bima binafsi ya kuziba pengo hilo.

Leseni ya Marekani hubadilishwa Ontario bila mtihani wa barabarani ukithibitisha uzoefu wa kutosha. Una siku 60, kwa hiyo omba rekodi yako ya udereva kutoka jimbo lako la Marekani kabla hujahama, pamoja na barua ya kampuni ya bima kuonyesha hujapata ajali. Barua hiyo inaweza kukupunguzia malipo ya bima.

Kadi ya PR, yaani ya mkaazi wa kudumu, hutumwa kwa posta, na hutumwa anwani ya Canada tu. Kama hukuwa na anwani siku ya kulandi, una siku 180 za kuwapa IRCC. Zikipita utaomba upya na kulipa dola 50. Anwani ya ndugu au rafiki unayemwamini inatosha, ila hakikisha jina lako analijua na sanduku lake la barua halina mchezo.

Ukirudi Marekani kumalizia kazi

Wengi hulandi, kisha hurudi Marekani miezi michache kufunga mkataba au kumaliza mwaka wa shule wa watoto. Inaruhusiwa. Unatakiwa kuishi Canada siku 730 katika kila miaka mitano ili uhifadhi ukaazi, na siku hizo zinahesabika hata zikiwa za vipande.

Lakini ukaazi wa Canada hauondoi haja ya viza ya Marekani. Hakikisha kabla ya kuvuka kwamba viza na I-94 yako, kumbukumbu ya kuingia Marekani, vinakuruhusu kurudi. Wenye viza ya wanafunzi au ya matembezi wajiandae kuulizwa zaidi, na wajibu bila kuficha kwamba wamepewa ukaazi wa Canada.

Kurudi Canada kabla kadi haijafika, tumia gari binafsi, pasipoti na COPR iliyotiwa saini. Ndege, basi na treni zinadai kadi ya PR, au hati maalumu ya safari inayoombwa ukiwa nje ya Canada. Kwa hiyo usikate tiketi ya kwenda Zanzibar kumwona mama hadi kadi iwe mkononi.